Sare moja, miili mitatu

Yaya mpendwa,

Nakusalimu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni fundi wa kushona, na huu ni mwaka wa 17 tangu niweke mashini yangu ya kwanza barazani kwa mama. Nimewashonea watu nguo za harusi, za ubatizo na za matanga, na mteja akinijia na kikwembe chake cha yadi 6 humtazama mara moja tu, nikajua kiuno chake kitachukua kiasi gani kabla sijashika tepu. Sisemi haya kwa kujisifu, bali upate kuelewa kwa nini jambo ninalokuletea limeninyima raha kiasi hiki.

Mdogo wangu wa kike anaishi Liège, Ubelgiji, na binti wa mama mkubwa yuko Johannesburg. Nauli ya ndege haikamatiki, na habari za visa ndizo usiseme, kwa hiyo tangu mwaka jana tunakutana kila Jumapili ndani ya Second Life, ulimwengu wa kubuni wa kwenye kompyuta, kila mmoja na avata yake, yaani umbo la mtu linalomwakilisha humo. Tunaketi katika ukumbi mdogo ambao mdogo wangu ameupanga huko, tunazungumza kwa sauti zetu wenyewe mpaka umeme ukatike au mega za intaneti ziishe. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyenifungulia akaunti katika kompyuta yake na kunichagulia avata mojawapo ya zile zinazotolewa bure kwa wageni. Sikuwahi kuibadilishia nguo hata siku moja.

Sasa mdogo wangu anamaliza masomo yake ya uuguzi, na tumekubaliana kumfanyia sherehe huko huko tunakokutania. Kama ilivyo desturi kwetu, wanawake wa ukoo tutavaa sare. Yeye mwenyewe alichagua gauni refu la maua ya buluu na njano yanayofanana na kikwembe, akatuelekeza dukani, na mimi akanitumia dola za Linden 3,000, ambazo ndizo pesa za huko, ili nisiingie gharama. Nikalinunua gauni hilo kwa Linden 899.

Kilichonijia hakikuwa gauni bali sanduku. Nilipobofya neno la kuvaa, sanduku lilinasa mkononi mwa avata yangu, bangili zangu zikatoweka, nami nikawa natembea nalo mbele ya watu dukani nisijue la kufanya, hadi msichana mmoja nisiyemfahamu akaniandikia kwamba nilibofye ndipo lifunguke. Hatimaye nikalivaa gauni lenyewe. Kiuno cha nguo kilikuwa chini ya kiuno changu kwa upana wa kiganja. Paja la kushoto lilichomoza nje ya kitambaa kila nilipopiga hatua. Mgongoni ngozi ilionekana kwa mabaka, kama nguo iliyoliwa na mende, na vidole vya miguu vilipenya chini ya soli za viatu vya kisigino nilivyopewa pamoja na gauni. Nikafanya ambalo fundi yeyote angelifanya: nikatafuta pa kutolea upana ubavuni. Nikaivuta nguo kwa ile mishale ya rangi ya kusogezea vitu kwenye skrini, juu, chini, kushoto, kulia, nayo haikusogea hata unywele.

Binti wa mama mkubwa aliponiona akasema kwamba nimenunua ya mwili uitwao Legacy, ilhali nilipaswa kununua ya Lara X, kama anayovaa yeye. Nikarudi dukani, nikanunua tena kwa Linden 750 kwa sababu siku hiyo bei ilikuwa imeshushwa. Mambo yakawa yale yale, ila safari hii kilichochomoza ni kifua. Nimemwandikia mwenye duka mara mbili, kwa adabu, na mara zote mbili nimepata jibu lililokwisha andikwa kwa ajili ya kila mtu, kwamba bidhaa hazirudishwi.

Mume wangu si mtu mkali, lakini aliponikuta nimeshika tama mbele ya kompyuta aliniuliza swali ambalo halijaniondoka: inawezekanaje fundi anayevisha Katuba nzima ashindwe kujivisha mwenyewe? Nimebakiwa na Linden 1,351 na wiki 3. Je, nimeibiwa, au mwili wangu ndio mbovu? Nifanye nini ili siku hiyo nisimwaibishe mdogo wangu mbele ya wenzake?

Mama Fundi, Katuba

JIBU

Mama Fundi, mdogo wangu,

Hujaibiwa, na mwili wako hauna ubovu wowote. Umeuziwa mara mbili nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na wewe kwa kazi yako ndiye wa kwanza kujua kwamba nguo ya namna hiyo haikai hata ingekuwa imeshonwa kwa uzi wa dhahabu.

Fikiri jinsi sare inavyotengenezwa kwetu. Ukoo unachagua kitambaa kimoja, kila mama anachukua yadi zake, kisha anakwenda kwa fundi wake kupimwa, na siku ya sherehe mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, wote wanapendeza kwa sababu kilichofanana ni kitambaa na kila mmoja amekatiwa kivyake. Katika Second Life mambo yamegeuzwa. Fundi amekwisha kukata na kushona kabla hujafika dukani, na hakumshonea mtu bali aliushonea mwili wenye jina. Dada yako wa Johannesburg amevaa mwili uitwao Lara X. Mdogo wako wa Liège, kwa jinsi alivyokuelekeza, bila shaka amevaa Legacy. Wewe umevaa mwili wa tatu, na hakuna aliyekuuliza ni upi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ilipoufungua ulimwengu huo mwaka 2003, avata zote zilikuwa na mwili wa aina moja, na nguo nyingi zilikuwa ni picha tu iliyopakwa juu ya ngozi, hivyo kila nguo ilimkaa kila mtu. Mwaka 2011 mafundi waliruhusiwa kuingiza nguo za meshi, yaani maumbo kamili yaliyochongwa nje kwa programu nyingine, zenye mikunjo na uzito wa kitambaa. Baadaye mafundi hao hao wakaanza kuuza miili mizima ya meshi iliyo mizuri kuliko ule wa zamani, kila mmoja na kiuno chake, mapaja yake na mabega yake. Tangu hapo mwili wenyewe ni bidhaa, na nguo hufuata mwili. Majina nayo yanadanganya macho: Lara ya zamani na Lara X ni miili miwili tofauti, na nguo ya mmoja haimkai mwenzake sawasawa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza leo, kabla hujagusa Linden moja, ni kujua jina la mwili wako. Fungua ghala la avata yako, tazama orodha ya vitu ulivyovaa sasa hivi, na usome jina la kile kilicho mwili. Kwa kuwa mwanao alikuchagulia avata ya bure ya wageni, nadhani utakuta neno Senra, kwa maana ndiyo miili ambayo Linden Lab imekuwa ikiwapa wageni tangu mwaka 2023. Lakini usiridhike na dhana yangu. Soma, kisha uandike jina hilo kwenye daftari lako la vipimo, pale pale unapoandika viuno vya wateja wako.

Ukishalijua, rudi kwenye yale masanduku mawili uliyonunua na uyafungue mpaka mwisho. Maduka mengi huweka nguo moja katika nakala za miili kadhaa ndani ya sanduku moja, na mnunuzi mwenye haraka huvaa ya kwanza aliyoiona. Huenda nakala yako imelala humo ukiwa hujaiona. Sikuahidi, kwa sababu maduka mengine huuza kila mwili peke yake, lakini kutazama ni bure.

Sasa nikueleze kwa nini mishale ile haikukusaidia, maana nimeona jinsi jambo hili lilivyokuuma kama fundi. Nguo ya meshi iliyoandaliwa kuvaliwa hufungwa kwenye mifupa ya avata. Fundi ameipa kila sehemu ya kitambaa amri yake: hapa fuata mfupa wa paja kwa kiasi hiki, hapa fuata nyonga kwa kiasi kile. Ukiivuta, amri zile zinabaki zilivyo, na nguo inarudi inakopelekwa na mifupa. Haina akiba ya mshono. Hakuna pa kutolea upana wala pa kupunguza, na hata fundi hodari kukushinda wewe angeshindwa. Mishale ile inafaa kwa vitu visivyofungwa kwenye mifupa, kama hereni, miwani na vilemba vingi, na hivyo ndivyo unavyoweza kuvisogeza na kuvipanua mwenyewe iwapo muuzaji ameruhusu virekebishwe.

Halafu jifunze kuzitofautisha aina mbili za ngozi kuchomoza, kwa kuwa moja ina dawa na nyingine haina. Simamisha avata, izungushe polepole, utazame viungo. Kiuno cha nguo kikilingana na kiuno chako, na magoti na viwiko vikiwa mahali pake, lakini ngozi ikichungulia kwa mabaka hapa na pale, nguo hiyo ni ya mwili wako na tatizo linatibika. Miili mingi ya meshi huja na kibao cha vitufe kinachotokea kwenye skrini, ambacho kwacho unaificha sehemu ya mwili iliyo chini ya nguo, na kwa mingine unavaa tabaka liitwalo alfa linalofanya kazi hiyo hiyo. Ukiuficha mgongo chini ya gauni lililofunika mgongo, hakuna atakayejua, na mabaka yanakwisha. Lakini kiuno kikishuka kwa upana wa kiganja, kama ulivyoandika, usipoteze muda na vitufe. Huo si mwili wake.

Vidole vilivyopenya soli ni jambo dogo zaidi. Miguu ya avata ina mikao: ya kukanyaga chini, ya kisigino kifupi na ya kisigino kirefu. Kiatu cha kisigino kirefu kinataka mguu ulioinuliwa hivyo hivyo, na usipoubadilisha, mguu uliolala utapita katikati ya kiatu. Hata hivyo viatu navyo vina majina ya miili, kwa hiyo vile vya Legacy viache.

Kuhusu sanduku lililokunasa mkononi na bangili kutoweka, ni kwamba neno la kuvaa huondoa kilichokuwa mahali pale na kuweka kipya, ilhali neno la kuongeza huacha vyote viwili. Jizoeze kutumia la pili. Wala usilione lile la dukani kuwa ni aibu, kwa maana kila anayekaa katika ulimwengu ule amewahi kubeba sanduku mbele za watu, na ndiyo sababu yule msichana alijua mara moja cha kukuambia.

Hapa ndipo ninapotaka kuwalaumu nyote watatu kidogo, kwa upendo. Hakuna hata mmoja wenu aliyetaja demo. Karibu kila duka linaloheshimu wateja wake hutoa nakala ya majaribio ya kila nguo, ama bure ama kwa Linden 1, mara nyingi ikiwa na maandishi makubwa yaliyochapwa juu yake ili usiende nayo karamuni. Imekatwa sawasawa na ile ya kuuzwa. Unaivaa, unatembea nayo, unaketi, unacheza ngoma moja, kwa sababu gauni refu likiharibika huharibika kwenye kuketi, pale mapaja yanapokunjika na kitambaa kikabaki nyuma. Wewe usingemruhusu mteja alipie nguo ya tayari bila kuijaribu nyuma ya pazia. Picha za dukani zisikushawishi: mara nyingi zimesafishwa kwa mkono, na avata iliyomo ni ya mpiga picha aliyechagua umbo linalolifaa gauni.

Na umbo nalo lina neno lake. Hata ukinunua nguo ya mwili wako halisi, kuna vitelezi vinavyobadilisha unene, kifua, nyonga na urefu. Nguo nyingi za tangu mwaka 2014 hufuata vitelezi hivyo, ila kwa kadiri. Ukijaza nyonga mpaka mwisho wa kitelezi, ngozi itapenya. Kama unataka nyonga za mama wa Katuba, nami ningezitaka, jaribu demo ukiwa tayari umezipanga hivyo, usizipange baada ya kununua.

Mtandao wetu nao unaweza kukudanganya. Mahali penye umati, kwa mega chache, nguo huonekana ya kijivu au yenye ncha za ajabu kwa muda mrefu kabla picha zake hazijafika. Usiihukumu wakati huo. Chagua bidhaa kwenye soko la tovuti, liitwalo Marketplace, ambako hakuna umati wa kupakia, kisha ingia ujaribu ukiwa kwenye ukumbi wenu mtupu. Ikibidi kwenda dukani, nenda saa 4 asubuhi yetu, kwa sababu huko California, ambako saa za Second Life hufuatwa, ni usiku wa manane, na Wamarekani wengi wamelala.

Sasa tuje kwenye sherehe yenyewe. Ushauri wangu ni kwamba gauni lile mliache, hata kama mdogo wako amelipenda. Mpigie simu umweleze wazi kwamba miili yenu ni mitatu na sare lazima ichaguliwe kwa kuanzia hapo. Najua utaona haya kwa sababu yeye ndiye aliyetoa pesa, lakini akikuona siku hiyo paja likichungulia mbele ya wenzake wa chuo atasikitika zaidi.

Kuna njia ninayoipenda, nayo inafanana mno na desturi yetu ya libaya, yaani blauzi, na kikwembe cha kujifunga. Mwaka 2019 Second Life iliwezesha zile nguo za kupakwa, za mtindo wa zamani, zikae juu ya miili ya meshi. Nguo hizo ni picha tu, hazina kiuno cha kukosea, kwa hiyo blauzi moja ya kubana iliyopakwa maua ya buluu na njano itawakaa nyote watatu, ilimradi miili yenu inaikubali teknolojia hiyo, na Senra inaikubali. Sketi msitumie ya kupakwa, kwa maana itafuata kila mguu peke yake na kuonekana kama suruali. Kila mmoja atafute sketi ndefu ya meshi iliyokatwa kwa mwili wake, ya rangi moja ya buluu, isiyo na maua. Sketi isiyo na maua ni rahisi kuipata kwa kila mwili kuliko gauni lenye mapambo, na rangi ikitofautiana kidogo kati ya duka na duka, blauzi itafunika tofauti hiyo. Juu yake wekeni kilemba kimoja kwa wote, kisichofungwa kwenye mifupa, ambacho kila mmoja atakirekebisha kwa kichwa chake. Kwa Linden 1,351 ulizobakiwa nazo, vitu hivyo vitatu vinapatikana ukichagua kwa utulivu, ukinunua rangi moja tu na kuyaacha yale mafurushi ya rangi zote.

Binti wa mama mkubwa anaweza kukuambia ununue mwili wa Lara X ili ufanane naye. Kwa sasa usifanye hivyo. Miili inayopendwa huuzwa kwa maelfu ya Linden, na ukishaununua utataka kichwa, ngozi na viatu vipya, na wiki 3 zitaisha ukiwa unapanga vidole. Baada ya sherehe, kama Jumapili zenu zinaendelea, ningekushauri uununue kweli, kwa sababu nguo za Senra ni chache zikilinganishwa na za miili ya mafundi. Lakini chukua kwanza demo ya mwili, tembelea maduka matatu au manne unayoyapenda, uone yanashonea mwili gani zaidi, kisha uchague huo na ukae nao. Anayebadili mwili anabadili kabati zima.

Yale magauni mawili usiyafute. Tazama masharti ya kila moja: kama linaruhusu kutolewa kwa mwingine, mpe dada yako lile la Lara X. Kama haliruhusu, lihifadhi, kwa sababu maduka mengine yakiongeza mwili mpya baadaye huwapa wanunuzi wa zamani nakala mpya bila malipo. Kurudishiwa pesa sikutumainishi. Nguo yenye ruhusa ya kunakiliwa hairudishiki kikweli, kwa kuwa mnunuzi angeweza kubaki na nakala, na ndiyo sababu wauzaji wengi wamelifunga jambo hilo.

Mweleze mume wako hesabu bila kumficha. Dola moja ya Marekani hupata Linden zinazokaribia 250, zikipanda na kushuka kidogo, kwa hiyo 1,649 ulizotumia ni kama dola 6 na nusu. Ni mkate wa siku kadhaa, na ana haki ya kuuliza. Pesa nyingine ikihitajika, mdogo wako akutumie Linden moja kwa moja kama alivyofanya, au akununulie nguo kama zawadi huko Marketplace, maana soko lile linaruhusu kutuma bidhaa kwa avata ya mwingine. Watu wanaojitangaza kwenye vikundi vya simu kwamba wanauza Linden kwa bei nafuu, uwatumie pesa kwa simu nao wakutumie, wakatae. Pesa ikipotea hapo huna wa kumlilia, na Linden zilizoibwa kwa wengine zinaweza kukufungia akaunti.

Swali lake lile kuhusu fundi lina jibu pia. Katika ulimwengu ule kuna watu wanaouza nguo za meshi zilizokwisha kuchongwa kwa miili mbalimbali lakini zikiwa tupu, ili mwingine aweke kitambaa chake na kuziuza kwa jina lake. Kuingiza picha moja ya kitambaa ya ukubwa wa kawaida hugharimu Linden 10. Mtu anayejua ua la kikwembe likae wapi kifuani, na jinsi maua yanavyopaswa kukutana kwenye mshono wa ubavu, ana kitu ambacho wauzaji wengi wa kule hawana, na nimeona magauni mengi yaitwayo ya Kiafrika ambayo maua yake yamekatwa vichwa ubavuni. Ukifikia huko, chora maua yako mwenyewe. Kikwembe cha sokoni kina mwenye mchoro wake, na kukipiga picha ukauze ni kuchukua mali ya mtu.

Kwa wiki hii anza na kilemba, kwa sababu ndicho kitakachokuzoesha mikono. Chukua demo kadhaa, uulize kama kinaruhusu kurekebishwa na kunakiliwa, na ukishakinunua weka nakala moja kando bila kuigusa. Isimamishe avata katika mkao usiotikisika, kivute kilemba kwa ile mishale ya rangi taratibu mpaka ukingo wa kilemba uguse paji la uso bila kulipenya, kisha izungushe utazame nyuma ya masikio, ambako nywele hupenda kuchungulia. Kikikaa, hifadhi vazi zima kwa jina la sherehe, ili hata umeme ukikatika Jumapili hiyo, utakaporudi ulivae kwa kubofya mara moja. Kikikataa, niandikie tena kabla ya wiki ya pili kwisha, unitajie jina la mwili na la kichwa ulivyoyasoma kwenye ghala.

Yaya